Mguno wa Wazee wa Endulen

Tajewo wa Endulen alizaliwa na Kimaasai. Kiswahili na Kiingereza alivipata shuleni kwa viboko, na ndivyo vilivyomlisha. Alikuwa mkalimani. Mpaka wa Kenya ulipofungwa, magari ya watalii kutoka Nairobi yalikoma, naye akabaki miaka mitatu nyumbani akibishana na redio. Akisikia mataifa yamekutana mahali na kukubaliana jambo, huidakia: "Nani kamuuliza nani?" Mkewe Nosim alicheka mpaka akachoka kucheka.

Basi mwaka 1980 wakaja wajumbe wa mataifa manne. Kiongozi wa msafara, Ndugu Felisiani, mtu wa Karatu, alimwahidi Tajewo ajira ya kudumu mambo yakienda vizuri. Na mambo yenyewe yalikuwa chemchemi moja tu. Wajumbe walitaka ng'ombe wasinyweshwe tena pale, ibaki hifadhi kwa faida ya dunia nzima. Ng'ombe wa mama yake Tajewo walikunywa pale pale.

Wazee walikaa kwenye nyasi, Mzee Lembris mbele, fimbo magotini. Bibi Astrid, mkuu wa wajumbe, alieleza polepole huku akiandika, Tajewo akifuatisha kwa Kimaasai sentensi baada ya sentensi. Kila sentensi ilipokwisha, wazee waliguna kooni: "Mmh."

Ndivyo wanavyosikiliza watu wazima wa kwao. Mtu akisema, humgunia ajue maneno yake yamefika. Kumkalia kimya ni kumdharau. Majibu huja mwishoni, wageni wakishamaliza yote. Tajewo alikulia humo, hakuona cha kueleza. Hilo ndilo kosa lake, na alilijua alipotupa jicho kwenye daftari la bibi yule. Kila mguno ulikuwa umewekewa tiki. Tiki saba, na chini yake kwa Kiingereza: wazee wamekubali wote.

Felisiani alikwishasimama, anashukuru, anafunga mkutano.

"Mbona wanafunga vitabu?" Lembris aliuliza kwa Kimaasai. "Sisi hatujasema."

"Ndugu, wazee bado hawajajibu," Tajewo akasema.

Felisiani alitabasamu kwa ajili ya wageni, lakini sauti ilikuwa nyingine. "Wewe tafsiri. Usiongeze lako."

Tajewo aliiona ile ajira, mshahara wa kila mwezi, Nosim akicheka tena. Aliogopa, tena sana. Kisha akamgeukia bibi yule na kumwambia kwa Kiingereza: "Hawajakubali hata neno moja. Wanakuonyesha kwamba wamekusikia."

"Mara zote saba?"

"Hata ungesema unawachukua wake zao, wangeguna hivyo hivyo."

Bibi Astrid akawa mwekundu usoni, akafungua tena daftari. Lembris aliinuka na fimbo yake.

"Mwambie hivi, mwanangu. Hiyo dunia yake hatujawahi kuiona kwenye chemchemi. Kama inataka maji, ije ikae na sisi, tuipangie zamu kama tunavyowapangia jirani zetu. Lakini kumfukuza mwenye zamu, hapana."

Tajewo alitafsiri yote, hakupunguza wala kuongeza. Bibi Astrid aliandika kila neno.

Mkutano ulipovunjika, Felisiani alimbana kando ya Landrova. "Kesho usije. Wala keshokutwa. Sitaki kukuona tena kwenye msafara wangu. Tumeelewana?"

Tajewo aliinamisha kichwa. "Mmh."

Bibi Astrid alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yao, daftari bado liko wazi. Hakujua Kiswahili, ila mguno aliutambua. "Hapo," aliuliza, "umekubali?"

"Hapana," Tajewo akajibu. "Nimesikia."

Bibi akachukua kalamu, akazikata tiki zote saba, moja moja. Felisiani akaubamiza mlango wa gari.

Asubuhi yake Tajewo hakuwa na kazi. Aliwatoa ng'ombe wa mama yake akawapeleka kwenye chemchemi, kwa sababu siku ile zamu ilikuwa yao.