Kichwa cha Treni Kimeoshwa

Kazi yangu ni kupiga rangi magari. Gereji iko Majengo, hapa Songea, na mteja akija na gari lililoliwa na kutu, nalikwangua, napaka puti, napiga msasa, napulizia rangi mpaka anajiona mlangoni kama anajitazama kwenye kioo. Nikirudi nyumbani Bombambili naoga, nakula, halafu nakaa barazani na kuanza kupaka kutu. Ndiyo, kupaka. Nina vichwa vya treni vya kuchezea na mabehewa yake, nimevinunua mitumbani, na raha yangu ni kuvichakaza mpaka mtu aape kwamba vimetoka kazini.

Mambo haya niliyaona kwenye simu. Watu wazima na ndevu zao wananunua treni mpya dukani, kisha wanaichafua kwa makusudi. Nikasema hee, kumbe wenye wazimu tuko wengi! Majirani walinicheka. "Fundi, mchana unatoa kutu, jioni unairudisha, si ungeiacha tu?" Na Songea hakuna reli, kwa hiyo hata pa kuchungulia treni ya kweli sina. Mke wangu yeye alikuwa na neno moja tu: "Uchafu wako usiingie sebuleni kwangu."

Mke wangu amekulia kando ya reli, Makambako. Baba yake aliendesha treni mpaka akastaafu. Mama mkwe alipofariki, mzee akabaki peke yake kwenye ile nyumba, anashinda na chai tu kutwa nzima. Mke wangu akamfuata, akamleta kwetu.

Alikuja na begi moja na hakukubali kulipangua. Nguo alitoa moja moja, zikifuliwa anazirudisha humohumo. Nikimwamkia, "Shikamoo baba," ananijibu, "Marahaba, fundi. Kesho naondoka." Ikifika hiyo kesho, mke wangu anambembeleza, basi inakuwa kesho nyingine. Mchana anakaa kwenye kiti barazani, shati jeupe limenyooka kwa pasi, mikono magotini, anatazama barabara. Tukimwekea ugali na dagaa wa Nyasa anamega tonge mbili tatu, anasema Mungu awabariki, ananawa. Mke wangu alikuwa anakwenda kulilia jikoni.

"Akirudi kule peke yake tutamzika," aliniambia. "Na wewe fanya kitu basi, si mkweo?"

Nifanye nini sasa? Baba mkwe si mtu wa kumtania wala kumpigia soga. Nilichokuwa nacho ni mikono yangu, nikaona nimtengenezee treni yake.

Nilikuwa na kichwa kimoja cha dizeli, cha plastiki, rangi yake inawaka kama peremende. Nikakipaka rangi iliyopauka. Vishikio vya ngazini nikavitengeneza kwa waya wa breki ya baiskeli, nikiuchambua uzi mmoja mmoja mpaka macho yanatoa machozi. Halafu ukaja uchafu, eneo langu la kujidai. Nikachota udongo mwekundu wa hapahapa kwetu, nikauchekecha kwa soksi, nikaurushia nyuma ya magurudumu na pembeni chini, pale ambapo uchafu hukaa. Nikamwekea mzee mezani, nikasimama pembeni kusubiri sifa.

Akakigeuza huku na huku.

"Fundi, hiki kimepita barabara gani?"

"Hicho ni cha treni, baba."

"Naona ni cha treni. Nauliza barabara kwa sababu kina tope. Treni inakanyaga dimbwi wapi? Umekichafua kama kirikuu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Miaka yote napiga rangi vigari vya mizigo, na mkono wangu haujui uchafu mwingine. Nikanyoosha mkono nikitoe, lakini mzee hakukiachia.

"Hapa chini," akasema, kidole chake kikifuata magurudumu, "breki inasaga chuma, vumbi lake linaganda. Ni kahawia hilo, si jekundu. Huku juu kwenye bomba ni masizi, na yanalalia nyuma. Hapa tunapojazia dizeli pana doa, halitoki hata ulie. Na hii ngazi ya chini inang'aa, maana ndipo ninapokanyaga."

Ninapokanyaga, alisema, si nilipokuwa nakanyaga. Mke wangu alikuwa mlangoni na chujio la chai mkononi, akaniangalia, nami nikamwangalia.

Basi, kuanzia hapo kila jioni nilikuwa na bosi. Masizi tuliyakwangua kwenye sufuria la maharage. Kutu niliiomba kwa wateja wangu, na mtu akiniuliza ya nini, namwambia ya baba mkwe, ananitazama kama naumwa. Mzee aliisaga kwa chupa, akaichekecha, nikikosea anasema "aa-aa" na kunipokonya brashi. Ulimi nao ukalegea. Akanisimulia jinsi alivyokuwa akitoka zamu, shati lina dizeli mpaka kwenye kola, na marehemu mkewe anamsubiri mlangoni ameshika kiuno.

"Ananiambia, 'Wewe mwanaume, hivi treni unaiendesha au unaikumbatia?' Namvulia shati palepale. Namwambia, 'Lifue tu, kesho nitalichafua tena.'" "Tangu ameondoka shati linakaa safi wiki nzima. Sasa safi ya nini?"

Nikampa brashi.

Kichwa kilipokamilika kilitisha. Ungekiweka kwenye picha ungesikia honi. Nilijua nimemshinda mzee, safari ameisahau. Naye akakitazama, akakirudisha mezani taratibu, akasema, "Sasa kimekwisha. Mkiweke sebuleni, kiwe ukumbusho. Jumatatu napanda basi."

Jamani! Nilikuwa nimemtengenezea kwaheri bila kujua. Safari hii hata mke wangu hakumbembeleza, alikuwa amechoka. Akakubali treni iingie sebuleni, na akaalika Jumuiya waje kusali kwetu Jumamosi, wamwombee baba yake njia njema.

Jumamosi asubuhi watu wakajaa, makochi yakajaa, watoto mkekani. Mzee alikaa mbele, begi lake lipo tayari pembeni ya mlango. Mwenyekiti wa Jumuiya akaanza kuomba, na huyo mtu akishika maombi hayaachii upesi. Alikabidhi kwa Mungu basi, dereva na matairi. Alikuwa amefika kwenye kona za mlima Lukumburu nilipofungua jicho moja, nikaona kabatini, juu ya kitambaa cha kufuma, kichwa cha treni kinang'aa. Hakuna masizi wala kutu, hata lile doa la dizeli halipo. Wageni wanakuja na kitu kichafu kiko kabatini, mke wangu angevumilia vipi? Alikuwa amekipiga sabuni ya unga na mswaki, akakikausha, akakiweka mahali pa heshima.

Nikageuka kwa mzee. Na yeye alikuwa amefungua macho.

Alivumilia mpaka "Amina". Kisha akasimama.

"Nani ameosha kichwa changu?"

Watu wakamtazama nywele. Mke wangu akasema kwa sauti ndogo, "Mimi, baba. Kilikuwa kichafu."

"Mwenyekiti, nakushukuru sana kwa maombi," mzee akasema, "lakini safari haipo. Kichwa kimeoshwa." Akakichukua, akapita katikati ya watu, akaenda kukaa barazani. "Fundi! Lete sufuria!"

Mwenyekiti aliniuliza kama tumpigie simu daktari. Nikamwambia mzee ni mzima, tena leo kuliko jana.

Tulishinda barazani tukikirudishia uchafu wake, mzee ananung'unika kwa raha zake zote, "Sabuni! Kwenye dizeli! Haijapata kutokea." Kwa ghadhabu hakutaka brashi, alipaka masizi kwa vidole, na kila akipaka anajifuta kifuani. Jua lilipopungua mke wangu akatoka kuanua nguo, akamwona baba yake. Shati jeupe la safari lilikuwa jeusi mpaka kwenye kola. Akasahau hata kwamba anaongea na mzazi, akashika kiuno.

"Baba! Hivi hiyo treni unaitengeneza au unaikumbatia?"

Mzee akaacha kazi. Akamtazama binti yake, na mimi nikaogopa. Kisha akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpaka machozi yakachora njia kwenye masizi ya mashavu. Akafungua vifungo palepale, akavua shati, akamkabidhi.

"Lifue tu," alisema. "Kesho nitalichafua tena."