Gavana Aliyekimbia Mara Tatu

Mimi ni mtu wa ndani. Wenzangu walipofika Riyadh walitoka kutazama kreni na majumba yaliyokuwa yakiota kwa fedha za mafuta. Mimi nilikuwa natazama chapati isiungue. Kwa hiyo mume wangu aliponiambia kwamba ofisi yao ya Jeddah inataka mkalimani, niliitaka nafasi ile kuliko alivyoitaka yeye. Mama yangu na dada zangu walikuwa Kandara, mtaa wa huko Jeddah uliobanana hata ukikaanga samaki, jirani anajua ni changu au tasi. Naseem ya Riyadh, tulikokuwa sisi, jirani yangu alikuwa mchanga wa jangwa.

Sababu tuliyopeleka kwa wakubwa ilikuwa mama mkwe. Tulisema kifua chake hakiwezi ukavu wa Riyadh, kinataka hewa ya bahari. Alikuwa na kikohozi kidogo, tukakikuza.

Mwenye kuamua alikuwa Mmarekani mmoja mzee, mshauri mpya wa kampuni. Siku moja mume wangu akarudi kazini na habari. "Huyu bwana kwao alikuwa gavana."

Nikaacha kusugua sinia. Gavana niliyemjua mimi ni wa picha za skuli: kofia ya manyoya ya ndege, upanga kiunoni, kaletwa na mfalme kutoka Ulaya. Na hapa Saudia anayeshika mkoa ni amiri.

"Mwalike chakula," nikasema. "Mtu kama huyo akisema neno moja, yalla, tumehama."

Ijumaa akaja. Nilisimama nyuma ya pazia nikimngoja gavana ashuke garini, na aliyeshuka ni mzee wa shati la mikono mifupi, kabeba machungwa kwenye mfuko wa karatasi. Nikadhani ni dereva. Akavua viatu mlangoni. Soksi moja imetoboka.

Mume wangu alipokwenda jikoni kubeba sufuria la pilau, mama mkwe, aliyeketi na mgeni, akaona pengo. "Wewe msomi, muulize ugavana wake uliishaje."

Nilifika sekondari, na sikuwahi kuacha mtu asahau. Nikauliza kwa Kiingereza kutoka nyuma ya pazia, nikasikiliza, nikatafsiri kwa majivuno: "Baba yake alifuga ng'ombe wa maziwa. Yeye alikuwa mwalimu, kisha akakimbia mara tatu. Mara ya tatu akapotea."

Mama mkwe akashika shavu. "Mara tatu? Sie Unguja tulikimbia mara moja tu, na roho haijatulia hadi leo. Maskini. Mtilie nyama nyingi."

Mume wangu alikuwa keshafika na sufuria, karibu limdondoke kwa kicheko. Akatueleza kwamba kwa Wamarekani kugombea kiti ndiko kukimbia, na kushindwa ni neno lile lile la kupotea. Mzee aliomba kura, watu wakampa mara mbili, ya tatu wakamnyima. "Hiyo sekondari yako, bibie, nadhani uliingia ukatokea dirishani."

Mama mkwe hakucheka. Hili la pili lilimshtua kuliko la kwanza. "Gavana anaomba? Na huyo aliyemshinda akamfukuzia wapi?"

"Hakunifukuza," mzee akajibu, mume wangu akitafsiri. "Nilimpa mkono, nikamwonyesha mfereji unaovuja jikoni, kwenye nyumba ya serikali."

"Na nyumba yako, nani kaichukua?"

"Ni yangu bado, nikiwa kwetu naishi humo. Nanunua mkate kwa mtu aliyeninyima kura. Tunasalimiana."

Mama mkwe akaacha kula. Nyumba yake ya Unguja alisikia wanakaa watu asiowajua.

Mume wangu akaona hapo ndipo, akaingiza habari ya Jeddah: kifua cha mama, hewa ya bahari. Nikalikamata pazia. Neno moja tu.

Gavana akaweka kijiko chini, akamgeukia mama mkwe. "Na mama mwenyewe anasemaje?"

Nyumbani kwetu mama anabusiwa mkono, anatangulizwa chakula, anaombwa dua. Kuulizwa, hapana.

"Nani kasema naumwa kifua?" akasema. "Mwambie mimi nilipakiwa kama gunia nikaletwa nchi ya watu, hakuna aliyeniuliza. Sihami tena. Mchanga wa hapa nimeshauzoea. Halas, nimemaliza."

Mume wangu, anayelipwa kwa kutafsiri, akakosa Kiingereza. Akalitazama pazia, pazia likanyamaza. Lakini halas mzee aliielewa bila mkalimani. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi nafasi atapewa mwengine, na akaomba aongezewe achari.

Nilipompigia simu mama yangu Kandara kumwambia hatuji, alinitaka nimhadithie kisa kizima.

"Gavana mzima? Akamuuliza mkweo?"

"Akamuuliza."

"Na wewe je, alikuuliza?"

"Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mama."