Noeli ya Mlango wa Shangazi Vestine

Baba aliniambia tunakwenda Gisenyi kula Noeli. Ukweli ni kwamba nilikuwa chambo. Dada yake, shangazi Vestine, alikataa katakata kuhamia kwetu Kigali, ingawa vita vya milimani vilikuwa havijaisha na watu wa kule walilala na viatu miguuni. Mwanawe Claude alipotea Kongo wakati wa kukimbia vita, akiwa na miaka saba, na shangazi alisema mtoto yule anaujua mlango mmoja tu duniani. Baba alidhani shangazi akiniona mimi, binti wa kaka yake, moyo utalainika. Nilikuwa na miaka tisa na gauni jipya, nikajiona naweza kulainisha hata jiwe.

Tuliondoka Kigali asubuhi kwa basi dogo. Hadi Ruhengeri watu walipiga soga na kula mahindi. Pale magari yakasubiriana ili yaende kwa msafara, wanajeshi mbele na nyuma, na soga zikakatika.

Mukamira ilitupokea kwa ukungu. Uliingia mpaka ndani ya basi, nikahisi unyevu wake mdomoni. "Huku ukungu ni jambo la kawaida," baba alisema. Baada ya kona mbili akalirudia neno hilo, na mimi ndipo nikaanza kuogopa.

Nyakiriba, kwenye mteremko, ukungu ulipasuka kidogo. Niliona maharage yamekomaa vizuri shambani, na nyumba zenye milango wazi, bila mtu, bila kuku, bila moshi. Kisha chini kabisa ziwa Kivu, limetulia tuli. Sikulipenda, samahani kwa wanaolisifu.

Mchana tulifika mtaa wa Nengo. Shangazi alinikumbatia akinuka sambaza, dagaa wa ziwa lile, wa kukaanga. Kinyarwanda changu kilikuwa cha kuokoteza, maana nilizaliwa Ngara, Tanzania, kwa hiyo akanisemesha Kiswahili chake cha Goma.

"Yoo! Umekuwa mukubwa! Bon, kesho na we utagonga."

Kugonga ndiyo Noeli yao. Binamu yangu Aline, aliyenizidi mwaka mmoja, alinieleza huku tukipanga mawe meusi ya volkano kuwa pango la mtoto Yesu. Mkesha wa Noeli, saa kumi jioni, watoto hutoka nje na mlango hufungwa. Kila mmoja hugonga kwa zamu, mkubwa kwanza, husema jina lake, na huomba nafasi kama walivyoomba Yosefu na Maria. Asiyesema jina hafunguliwi.

"Na Claude?" niliuliza.

"Mama anamungojea kila mwaka," Aline alijibu. "Tukiisha kuingia wote, anakaa karibu na mulango, hataki kula."

Usiku ule nilimsikia baba akimbembeleza dada yake ahame. Shangazi alijibu neno moja tu: "Akikuja akute nani?"

Mkesha ulipofika, ukungu ulipanda kutoka ziwani hadi ukaimeza migomba ya uani. Tulitoka watatu: Aline, mimi na Fils, mdogo wake Aline wa miaka minne. Aline aligonga.

"Ni nani iko kwa mulango?" shangazi aliuliza ndani.

"Ni mi, Aline. Nimetoka mbali. Iko nafasi?"

"Nafasi iko. Ingia."

Nikaingia mimi. Akaingia Fils, aliyesahau maneno akasema ana njaa, watu wazima wakacheka. Mlango ukafungwa. Tukaketi mkekani, wali ukapakuliwa.

Mlango ukagongwa.

Nilitazama mkekani. Aline alikuwepo, Fils alikuwepo, baba alishika kijiko hewani. Ukagongwa tena, taratibu, chini ya kitasa, mahali anapofikia mtoto.

"Ni nani iko kwa mulango?" Sauti ya shangazi ilikwaruza.

"Usifungue!" alinong'ona mume wake, Tharcisse. Aliwahi kuona nyumba ya jirani ikifunguliwa hivyo hivyo, na waliofungua wakauawa. "Siku hizi mutu hafungue ovyo. Na hajasema jina."

"Pengine amelisahau," shangazi alisema, akafungua.

Hapakuwa na mtu. Ukungu tu, na kwenye ubao wa mlango alama ya kiganja kilicholowa maji, usawa wa kifua changu. Shangazi aliweka mkono wake mkubwa juu yake bila kuigusa. Alilia bila sauti, nami nikalia kwa kuwa yeye alilia.

"Imepita miaka mbili," alisema. "Na mukono haijakuwa mukubwa."

Tharcisse aligeuza uso ukutani. Shangazi alisimama kando ya mlango, kama mtu anayempisha mwingine, akauambia ukungu, "Nafasi iko. Ingia." Fils, bila kuambiwa, alisogea mkekani. Jioni ile shangazi alikula, mara ya kwanza kwa Noeli mbili.

Asubuhi ya Noeli, baada ya misa, alimwambia baba, "Ameisha ingia. Tunaweza kwenda." Baba, aliyekuwa ameandaa maneno mengi, alijibu tu, "Haya, dada."

Kesho yake sote tulipanda basi la kurudi Kigali, na jua lilikuwa limetoka. Dereva alitaka kufunga mlango, shangazi akauzuia kwa goti.

"Ngoja kwanza. Mutoto hajapanda."

Dereva alitazama barabara tupu, akamtazama baba. Baba akatazama chini. Tulingoja. Hakuna abiria aliyenung'unika. Nadhani kila mmoja alikuwa na wake wa kumngojea. Kisha shangazi akaitikia kwa kichwa.

"Bon. Twende."

Nilikwenda Gisenyi nikijua kwamba wafu huzikwa. Nilirudi nikijua kwamba wengine, wasio na kaburi, hubidi mtu awapeleke kwa mkono hadi wanapokwenda ndugu zao. Niliogopa mlango ulipogongwa, sikatai. Ndani ya basi lile sikuogopa tena. Nilijisogeza dirishani, nikaacha nafasi.