Utayasema Kituoni

Koplo tuliyempachika jina la Utayasema hakuwa mtu mbaya, na nitagombana na yeyote atakayedai hivyo. Sare yake alipiga pasi mwenyewe, rushwa hakula, na mtu hakumpiga hata kofi. Kasoro yake ilikuwa haraka. Sheria aliijua fika: unayemkamata mwambie kosa lake, msikilize, mruhusu awajulishe watu wake. Lakini yeye alitanguliza pingu, na kila swali alilijibu, "Utayasema kituoni." Wakishafika kituoni, yeye huyo, ameshatoka kumfuata mwingine. Sisi wa kaunta tulikuwa tukicheka.

Asubuhi moja alimleta fundi wa kuchomelea vyuma, miwani ya kazi bado iko kichwani. Kuna geti lilikuwa limeibwa.

"Afande, nina mama mgonjwa, nime..."

Sikumwacha amalize. Nilimwambia kila anayeuona mlango wa mahabusu hukumbuka kuwa ana mama mgonjwa, wenzangu wakaangua kicheko. Nikaandika vitu vyake: simu, mkanda, ufunguo mmoja. Ufunguo wa nini, sikuuliza. Najilaumu mpaka leo.

Kesho yake jioni mwenye geti alikuja, uso umemshuka, kusema kumbe aliyelichukua ni shemeji yake. Tukamfungulia fundi. Alidaka ufunguo tu; mkanda na simu akaviacha pale pale. Koplo, aliyekuwa anaingia zamu, akakutana naye mlangoni akikimbilia nje.

"Kuna nini, fundi?"

"Mama hawezi kutembea, afande. Huwa namfungia ndani, mchana narudi kumlisha. Tangu jana yuko peke yake."

Tulikwenda wote watatu. Tulipofika, koplo akawa anagonga mlango kwa ngumi huku fundi akihangaika na kufuli. Ulipofunguka tulimkuta bibi sakafuni, katikati ya kitanda na mlango, midomo imemkauka, nguo zimelowa. Alikuwa hai. Aliziona sare zetu kabla ya kumwona mwanawe.

"Nisameheni, wanangu," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Nimewasikia mnagonga. Nimejitahidi kuja kufungua, miguu ndiyo imekataa."

Koplo akapiga magoti ili amnyanyue, na bibi akazidi kumwomba radhi.