Mke Anayekimbia

Mtoto wangu alikuwa ameanza kukaa mwenyewe siku ile wifi yangu aliponishika tumbo mbele ya wageni, sebuleni kwangu Mbalizi, akauliza, "Hili ni la yule yule, au mmeshaongeza jingine?" Watu wakacheka. Mume wangu naye akacheka. Nilikwenda jikoni nikasimama mpaka maziwa yakachemka na kumwagikia mkaa.

Nilijifungua kwa kisu. Tumbo lilibaki likining'inia juu ya kovu, mgongo ukiniuma kila nikiinama kumwogesha mtoto. Na waliocheka ndio walionijaza chakula. Mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu kunitunza uzazi, akakaa, hakuondoka. Kila mara ndizi zilizopondwa na maziwa, kila mara uji wa karanga, na nikibakiza kidogo ananuna kwamba nadharau mkono wake.

Kesho yake alfajiri nilivaa raba nikatoka. Baridi ya Mbeya mwezi wa sita haina huruma. Sikufika hata kwenye mashine ya kusaga. Nilishika nguzo ya umeme nikatapika, fulana imelowa maziwa. Mama mmoja aliyekuwa akipeleka viazi sokoni alisimama kuniangalia.

"Unafukuzwa na nani?"

"Na watu wa nyumbani kwangu."

Aliondoka akitikisa kichwa.

Niliendelea kila asubuhi. Wanaosema mazoezi yanaleta furaha ni waongo. Mimi yaliniletea magoti yaliyovimba na hamu ya kupigana na mtu. Nilikimbia kwa sababu huo ndio ulikuwa muda pekee ambao mwili wangu haukuwa na mkono wa mtu juu yake.

"Maziwa ya mwanamke anayekimbia yanachacha," mama mkwe alisema. "Utaniulia mjukuu."

Mtoto alipoharisha, meno yakiwa yanamtoka, kikaitwa kikao. Wifi akaja, baba mdogo wa mume wangu akaja, nikakalishwa kwenye kigoda kama mwizi wa kuku.

"Mke wa mtu hakimbii barabarani matiti yanaruka," baba mdogo alisema. "Nyie Wahehe huko kwenu hamfundwi?"

Nilimtazama mume wangu. Yeye akatazama simu yake.

Asubuhi iliyofuata raba hazikuwepo mlangoni. Nilimkuta mama mkwe anachochea moto.

"Mama, umeona raba zangu?"

"Zipo chooni. Kachungulie."

Choo chetu ni cha shimo. Sikwenda kuchungulia. Nilivaa yeboyebo za plastiki nikakimbia nazo mpaka vidole vikachubuka, nikarudi, nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda basi la Iringa.

Nilidhani kwa mama yangu, Igowole, nimefika kwa mtu wangu. Alimpokea mtoto, akanipima kwa macho toka miguuni hadi kichwani.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe. "Umefukuzwa?"

"Nimeondoka. Mama mkwe amenitupia raba chooni."

"Kwa ajili ya viatu?"

"Kwa ajili ya viatu, mama."

Akanirudishia mtoto, akarudi kusonga ugali. "Mimi nimezaa saba na nimezeeka na tumbo langu. Nani aliniambia nikimbie?"

Lakini kulipopambazuka alikuja akamchukua mtoto kitandani, nami nikatoka kupanda vilima katikati ya mashamba ya chai. Niliporudi alikuwa amenuna. Kesho yake alimchukua tena. Tuligombana kuhusu kila kitu, chumvi, kuni, namna ya kumbeba mtoto, ila hakunitamkia hata mara moja nirudi Mbeya.

Mume wangu alikuja mwenyewe baadaye. "Turudi. Mama ameshatulia."

"Kwani mama yako alikuwa peke yake? Ulikuwepo kwenye kikao. Nitarudi, ila alfajiri mtoto ni wa kwako. Akilia utambeba. Akijinyea utamwosha. Na viatu utanunua wewe."

"Sasa mama atasemaje?"

"Akiwa na la kusema, anifuate barabarani."

Alinunua vidogo. Nikamrudisha dukani akavibadilishe.

Tuliporudi Mbalizi, mama mkwe hakuvumilia kumwona mwanawe wa kiume amesimama alfajiri na nepi mkononi. Alifunga mizigo akarudi Tukuyu, akawaambia watu nimemlisha mwanawe dawa. Sikumbembeleza abaki. Mume wangu alininunia mwezi mzima, lakini alfajiri aliamka.

Sasa napanda mlima bila kushika nguzo yoyote. Ngozi ya tumbo bado imelegea, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na watu. Mwaka huu tulikutana msibani, mama mkwe akanipa mkono wa baridi.

"Umekonda. Unaumwa?"

"Siumwi, mama. Pole na msiba."

Akaniachia mkono, akamgeukia aliyekuwa nyuma yangu. Nami nikaenda kukaa kwenye mkeka na wanawake wengine, mbali naye.