Samaki Asiye na Kichwa

Salmoni hataki kubembelezwa. Unamtoa kwenye barafu, unamkausha kwa kitambaa mpaka ngozi isibaki na tone la maji, unamtia chumvi, kisha unasubiri kikaango kianze kufuka moshi. Unamlaza upande wa ngozi na kumkandamiza kwa mwiko mpaka aache kujikunja. Mafuta yanaruka na kukuchoma mikono. Baada ya dakika nne unamgeuza. Baada ya mbili nyingine unammwagia mchuzi: soya, asali, kitunguu saumu, pilipili, ndimu na tangawizi uliyoiponda kwa bapa la kisu. Mchuzi unachemka kwa fujo, unakuwa mzito, unamganda. Unazima jiko. Yote hayo hayafiki robo saa, na kama wali ulishaiva, watu wanakula.

Nimeanza na mapishi kwa sababu kila anayesikia habari yangu huniuliza kwanza nilimfanya nini mume wangu. Nilimpikia.

Nilikuwa mpishi kwenye hoteli moja ya ufukweni, kaskazini kidogo ya mji wa Bagamoyo. Wageni wanakaa barazani wanatazama bahari yenye nguru na changu, halafu wanaagiza samaki aliyekuja kwa ndege kutoka Ulaya, na wanataka apikwe kama wapikavyo Wachina na Wajapani. Sikuwaelewa, lakini sikuajiriwa niwaelewe. Samaki wenyewe walifika na gari la barafu kutoka Dar wakiwa wameshapasuliwa, ubavu mmoja mmoja ndani ya plastiki. Mpishi mkuu, mtu wa bara mwenye mdomo mchafu, alikata vipande vinene vya katikati kwa ajili ya sahani za wageni. Vya mkiani ni vyembamba na hukauka haraka, kwa hiyo tuligawana sisi wafanyakazi.

Ndivyo salmoni alivyoingia nyumbani kwangu. Nilikuwa natoka kazini jua likizama, na mume wangu alitaka akitoka kuswali magharibi akute sahani mezani. Changu ukimnunua lazima umpare magamba, umtoe matumbo, umkaange, umuunge nazi. Nazi yenyewe uikune kwanza. Mimi nilikuwa na jiko la gesi la plate moja na muda usiotosha hata kuvua viatu. Samaki wa robo saa alikuwa mkombozi wangu, nasema kweli, kwa sababu kuchelewa kwa chakula katika chumba kile kulikuwa na adhabu yake.

Mume wangu alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa ukoo wa zamani wa mjini, na tuliishi chumba kimoja uani kwa mama yake. Kofi la kwanza alinipiga mwezi wa tatu wa ndoa, kwa sababu ya chai iliyopoa. La pili nimesahau sababu. La tatu nilimrudishia kwa mfuniko wa sufuria, tukapatana, tukacheka siku ya pili yake kama watoto. Mimi si mpole na sijawahi kujisingizia upole. Nilimpenda. Alikuwa na sauti nzuri, na akiwa na furaha alinibeba kutoka mlangoni mpaka kitandani nikiwa bado na aproni ya hotelini.

Mume wangu alimpenda salmoni tangu siku ya kwanza. Alikula mpaka akalamba vidole, akaniuliza utamu huu ni wa nini, nikamwambia asali. Nilimpikia mara ya pili na ufuta juu, mara ya tatu na tui zito la nazi na mchaichai. Kila mara alimaliza sahani na kushukuru Mungu. Sikujua kwamba muda wote huo alikuwa anasubiri vichwa.

Niwaeleze wasiojua. Katika ukoo wa mume wangu kichwa cha samaki ni cha mwenye nyumba, kama ilivyo firigisi ya kuku. Mwanamke hakili, mtoto hapewi, mgeni hupewa kwa ruhusa. Kichwa kikikosekana mezani, mwanamume anajua kuna mtu mwingine kakila, na mtu huyo hawezi kuwa mwingine ila mwanamume mwenzake. Mume wangu hakuwahi kuona samaki anayeuzwa bila kichwa. Alidhani ninavihifadhi nimtengenezee mchuzi. Wiki zikapita, mchuzi hauji. Akaenda kujisifu kwa mafundi wenzake kwamba mkewe anampikia samaki wa Kizungu, mmoja wao akamuuliza, na vichwa vyake vitamu? Wakamcheka siku nzima.

Jioni ile alirudi hakuniamkua. Nilikuwa nimepinda mbele ya jiko, mchuzi ndiyo kwanza unaanza kuwa mzito.

"Kichwa kiko wapi?"

"Kichwa gani?"

"Cha samaki. Mwezi huu wote nakula minofu. Vichwa anakula nani?"

Nilicheka. Hilo ndilo kosa langu pekee ninalolikubali, na silikubali sana.

"Huyu hana kichwa, mume wangu. Anakuja hivyo hivyo kwenye plastiki."

"Samaki gani anazaliwa hana kichwa? Unanifanya mtoto mimi? Vichwa unampa yule bosi wako wa jikoni, halafu mimi unaniletea mkia!"

Kofi liliniingia sikio la kushoto. Fundi chuma ana mkono kama nondo. Nilisikia kitu kikipasuka ndani ya kichwa, halafu mlio mwembamba ambao haukukatika. Nikayumba, mkono wangu ukagonga mpini wa kikaango, na mchuzi wote ukanimwagikia kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole. Maji ya moto yanateleza yakaondoka. Asali inang'ang'ania. Nilijaribu kuipangusa, ngozi ikaja nayo. Yeye akanipiga tena, mgongoni, kwa ngumi, na mara ya tatu nikiwa nimepiga magoti juu ya wali uliomwagika.

Kisu nilikipata sakafuni. Nilisimama nacho, kile kirefu cha minofu nilichopewa kazini, na nikamwona mume wangu akirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kabati.

"Utaniua?"

"Ndiyo."

Nilimaanisha. Mpaka leo nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nimetulia wakati nasema neno lile, naogopa kuliko ninavyoogopa ngumi zake. Mama mkwe akaingia mbio, akaninyang'anya kisu, akakificha ndani ya kanga yake. Mwanawe hakumkemea. Mimi aliniambia, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja."

Zahanati waliniambia ngoma ya sikio imetoboka. Mkono walinisafisha wakaufunga bandeji. Polisi sikwenda. Mambo ya ndani tumefundishwa kuyamaliza ndani, na nilikuwa bado mtu wa kufundishika. Nililala kwa mfanyakazi mwenzangu siku tano, mpaka upande wa mume ukaita kikao. Mama yangu alitoka Kiwangwa na mananasi matatu kikapuni, kwa sababu kwa wakwe huendi mikono mitupu, hata kama wamemtoboa mwanao sikio.

Kikao kilikaa Jumapili baada ya alasiri, uani, kwenye mkeka: baba mkubwa wa mume wangu, mjomba wangu, mama zetu wawili, na sisi wenyewe. Salamu zilikwenda taratibu.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Na mkono unaendeleaje?"

"Sijambo, baba mkubwa. Unaendelea vizuri."

Nataka niseme ukweli hapa, ingawa haunipendezi. Nilitaka kurudi. Nilikuwa nimekuja na begi langu, nimeliweka mlangoni pa chumba chetu. Nilihitaji neno moja tu kutoka kwa mtu yeyote kwenye mkeka ule: kwamba sikustahili kupigwa. Lingesemwa hilo, ningeingia ndani na begi na kesho yake ningepika.

Mume wangu alieleza habari ya vichwa. Nami nikaeleza habari ya plastiki. Baba mkubwa alisikiliza kwa makini, akajikuna ndevu.

"Huyo samaki anapatikana leo? Tumwone kwa macho."

Nikapanda bodaboda hadi hotelini. Mpishi mkuu akatazama bandeji, akafungua friza, akanipa ubavu mzima ambao haujafunguliwa. "Ukihitaji na kisu, sema," aliniambia. Ni mtu pekee aliyeniambia kitu cha maana wiki ile.

Plastiki ilipita mkono kwa mkono. Waligeuza, wakabonyeza, wakanusa. Mjomba wangu akatafuta kichwa upande mmoja, baba mkubwa upande wa pili. Hakuna. Kisha mama mkwe akasema samaki asiharibike, nikampike, na mimi, kwa mkono mmoja, nikampika. Niliponda tangawizi kana kwamba ni mtu ninayemjua. Dakika kumi na mbili baadaye wote walikuwa wanakula, wanasifu, wananyonya vidole. Hata mume wangu alikula. Hakuna aliyeniuliza kama nasikia.

Baba mkubwa alinawa mikono, akatoa hukumu.

"Tumeona kwa macho yetu. Samaki hana kichwa. Mwanamke hana kosa. Kijana, ulikwenda kwa pupa. Utamnunulia mkeo doti ya kanga na utamwomba radhi hapa hapa mbele yetu."

Mume wangu akaniomba radhi. Naamini ilitoka moyoni. Mama yangu akafuta machozi kwa furaha. Wote wakanigeukia nikubali, na kweli mdomo wangu ulishafunguka kusema nimekubali. Lakini lilitoka jingine.

"Na kama angekuwa na kichwa, baba mkubwa? Na kama ningekila mimi mwenyewe, kwa njaa yangu, nimetoka kazini?"

Baba mkubwa akatazama mkeka. Mjomba akakohoa. Aliyejibu ni mama yangu, kwa upole kabisa, huku akinitengenezea kanga begani.

"Hapo ungekuwa umejitakia, mwanangu."

Nikasimama. Nikachukua begi mlangoni. Wakubwa husema la kuvunda halina ubani, na uani pale palikuwa pamefukizwa ubani wa kutosha. Nilitoka nje, nikafuata uchochoro kuelekea barabara kubwa. Nyuma yangu nilisikia ndara zinakimbia, kwa sikio la kulia. Alikuwa mama.

"Rudi," alisema, akihema. "Usinitie aibu. Mtu keshaomba radhi, unataka nini tena?" Akanishika mkono, ule ule wenye bandeji, akavuta.

Maumivu yalipanda hadi begani. Nikamsukuma. Nilimsukuma kwa nguvu zangu zote, mama yangu mzazi, mwanamke wa miaka sitini na kitu, akaanguka chali kwenye mchanga, ndara moja huku, moja kule. Nikapiga hatua moja kumwendea, nimwinue.

Akakunja magoti upesi, akageuza ubavu, akaficha uso nyuma ya viwiko viwili. Hakupiga kelele. Alitulia hivyo hivyo, akisubiri.

Nilikua nikiambiwa kwamba baba yangu hakuwahi kupandisha sauti. Siku tuliyomzika walimsifu kwa upole kuanzia asubuhi hadi alasiri, na mama ndiye aliyeitikia kwa sauti kuliko wote. Nami ndani ya nyumba ile nilikaa miaka kumi na tisa, nikalala chumba cha pili, na sikuwahi kusikia kitu.

"Mama," nilimwambia. "Ni mimi."

Alichukua muda kushusha mikono. Nikamwinua, nikampangusa mchanga, nikamtafutia ndara zake. Hatukutazamana. Yeye alirudi uani kuwaambia kwamba siji, na mimi nikaenda kazini, kwa sababu Jumapili ile nilipangiwa zamu ya jioni, na ilikuwa imeshaanza.