Dhahabu ya Jirani

Nikifungua kikopo cha unga wa dhahabu wa kupambia keki, kwanza husoma kama unaliwa. Halafu harufu ya vanila hunirudisha kwetu Dandora.

Mama alikuwa ameniokea keki ya bathidei kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Jirani wa mlango wa pili, ambaye hakujaliwa mtoto, akaleta mkebe wa unga unaong'aa wa kupambia kadi, kutoka duka la vitabu.

"Mpambie mtoto wangu keki," alisema.

Alipotoka, mama aliusogeza mkebe dirishani. "Wameandika haina sumu," akaniambia. "Hawajaandika inaliwa."

Nililia. Mama akaupaka unga wote kwenye kipande cha kadibodi, kisha akaweka sahani ya keki katikati.

Jioni jirani aliporudi, aliuona mng'ao ule. Akapitisha kidole kwenye kadibodi, akakipeleka mdomoni. Mama akaudaka mkono wake, akaushika kama anayemsalimia, na hakuuachia.

"Mlishe mamako keki," mama akaniambia.

Nikamlisha jirani, kipande kwa kipande, kile kidole cha dhahabu kikiwa bado kimefumbatwa kiganjani mwa mama.